Reli, Mchanga na Mashimo 18: Ziara ya Gofu ya Pwani ya Uskoti Ilivyozaliwa

Shimo la kwanza la uwanja wa Prestwick, magharibi mwa Uskoti, linaitwa Reli. Kulia kwake kuna ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta huo zinapita treni za Glasgow na Ayr, kama zilivyoanza kupita mwaka 1840. Mkwaju wa kwanza ukipinda kidogo tu, mpira umevuka ukuta na kupotelea relini. Stesheni nayo iko jirani mno na jengo la klabu, hata msafiri anaweza kushuka kwenye behewa, fimbo begani, akawa uwanjani kabla treni haijatoweka machoni.

Klabu ya Prestwick iliundwa mwaka 1851, zaidi ya miaka kumi baada ya reli kufika, na mpangilio huo wa mambo unaeleza mengi. Anayepanga leo ziara ya viwanja kadhaa vya pwani, siku mbili St Andrews, moja Carnoustie, kisha kaskazini hadi Dornoch, kisha kushukia Turnberry na Prestwick, hukaa na ramani na simu yake akiamini kwamba anabuni safari yake mwenyewe. Kwa kweli anafuata njia iliyochorwa na makampuni ya reli katika miongo michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, hata pale ambapo reli zenyewe ziling'olewa zamani. Na chini ya njia hiyo imelala historia ya kale zaidi, ya watu wa kawaida waliokuwa na haki juu ya ardhi ya ufukweni karne nyingi kabla mgeni yeyote hajalipa kuikanyaga.

Ardhi hiyo ndiyo linksi. Ni ukanda wa mchanga ulioachwa kati ya bahari na mashamba, pale maji yaliporudi nyuma na upepo ukarundika matuta na vibonde bila mpango. Jembe halina kazi hapo, kwa kuwa udongo ni mwembamba na hauna rutuba. Lakini mvua ikinyesha maji huzama mara moja, majani huota mafupi na magumu, na mpira ukianguka hudunda na kubingirika mbali. Kondoo waliyafyeka majani kwa meno yao, sungura wakachimba, na inasimuliwa kwamba vishimo ambavyo kondoo walijikinga na upepo ndivyo vilivyokuja kuwa mitego ya mchanga inayowatesa wachezaji hadi leo. Si kila uwanja unaotazama bahari ni linksi. Klabu ya gofu ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1911, iko juu ya mwamba wa matumbawe mbele ya Bahari ya Hindi, na mandhari yake ni ya kupendeza mno, lakini chini ya majani yake hakuna ule mchanga unaoufanya mpira uende kivyake.

Kwa kuwa ardhi hiyo haikulimika, ilibaki ya watu wote. Mwaka 1457 Bunge la Uskoti lilipiga marufuku gofu na kandanda kwa sababu vijana walikuwa wakiacha mazoezi ya kulenga mishale, silaha iliyohitajika kwa vita dhidi ya Waingereza. Marufuku ilirudiwa mwaka 1471 na tena 1491, dalili ya kutosha kwamba hakuna aliyetii. Mwaka 1502 Mfalme James IV, yuleyule ambaye Bunge lake lilikuwa limeirudia marufuku hiyo, alijinunulia fimbo zake mjini Perth.

Hati muhimu zaidi ni ya mwaka 1552, na ilihusu sungura. Askofu Mkuu John Hamilton alipata ruhusa ya mji wa St Andrews kufuga sungura kwenye linksi, na kwa upande wake akakiri kwamba wenyeji wana haki ya kucheza gofu na kandanda hapo, kulenga shabaha, kulisha mifugo na kukata majani ya ardhini. Sungura hao baadaye walikaribia kuua mchezo wenyewe. Mji ulifilisika, na mwaka 1797 linksi ikauzwa, ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara waliotaka kuigeuza shamba la sungura. Wachezaji waliona mashimo yao 18 yakizungukwa na mashimo yasiyohesabika. Ugomvi ulifika mahakamani na kudumu kwa karibu miaka 20, mpaka James Cheape wa Strathtyrum, mwenye ardhi jirani na mpenda gofu, alipoinunua linksi mwaka 1821. Mwaka 1894 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyouwezesha mji kuirudisha linksi mikononi mwake, na mwaka uliofuata ukafunguliwa uwanja wa pili kando ya ule mkongwe. Bila sheria hiyo, uwanja mashuhuri kuliko yote duniani ungeweza kuwa mali ya klabu moja au tajiri mmoja. Ukweli kwamba ni wa umma ni jambo la kujivunia kuliko kombe lolote lililoshindaniwa hapo.

Mpaka katikati ya karne ya 19, hata hivyo, mchezo huu haukusafiri sana. Mpira wenyewe ulikuwa kizuizi: mfuko wa ngozi ulioshindiliwa manyoya yaliyochemshwa, kazi ya mikono iliyompa fundi mipira michache tu kwa siku, na ukilowa uliharibika. Mwaka 1848 ukaja mpira wa gutapacha, utomvu mgumu wa miti ya Malaya, uliofinyangwa kwa maji ya moto na kuuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya ule wa manyoya. Allan Robertson wa St Andrews, bingwa wa wakati wake na fundi wa mipira ya manyoya, aliuchukia. Msaidizi wake Tom Morris aliucheza, wakakosana. Mwaka 1851 Morris akahamia Prestwick kutunza uwanja mpya wa mashimo 12, na huko, tarehe 17 Oktoba 1860, wachezaji wanane walishindana kwa siku moja, raundi tatu, kumtafuta mrithi wa Robertson aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alishinda Willie Park wa Musselburgh. Hayo yalikuwa mashindano ya kwanza ya Open.

Ukimtafuta mtu mmoja aliyeipa ziara ya leo vituo vyake, ni huyo Tom Morris. Alirudi St Andrews baada ya miaka takribani 14, akawa mtunzaji wa linksi ya mji, na kutoka hapo akaitwa kila upande kwenda kupima viwanja. Alikuwa ameshakwenda Westward Ho! kusini-magharibi mwa Uingereza. Alikwenda Machrihanish mwaka 1879, Dornoch mwaka 1886. Mwaka 1889 klabu changa ya Newcastle, County Down, kaskazini mwa Ayalandi, ilimwita kwa gharama isiyozidi pauni 4, na mahali alipopima pamekuja kuhesabiwa miongoni mwa viwanja bora duniani. Namna yake ya kazi ilikuwa nyepesi. Alitembea juu ya matuta, akatazama mahali ambapo asili ilikwisha kuandaa kibonde au jukwaa, akachomeka vijiti, akaondoka. Hakuwa na mashine za kuhamisha udongo. Ndiyo maana viwanja hivyo havifanani hata kidogo, na ndiyo maana inafaa mtu kusafiri kutoka kimoja hadi kingine badala ya kurudia kimoja mwaka mzima.

Morris alisafiri kwa treni, na treni ndizo zilizofanya wengine waweze kumfuata. Reli ilifika North Berwick mwaka 1850 na St Andrews mwaka 1852, kwa tawi fupi kutoka Leuchars ambalo mwishoni lilipita ubavuni mwa uwanja. Pwani ya mashariki ilifunguka kikamilifu pale daraja la pili la mto Tay lilipokamilika mwaka 1887, baada ya la kwanza kuporomoka na treni juu yake mwaka 1879, na daraja kubwa la Forth lilipofunguliwa mwaka 1890. Sasa abiria aliyepanda London asubuhi alifika Edinburgh baada ya zaidi kidogo ya saa 8, na kutoka hapo St Andrews na Carnoustie zilikuwa mwendo wa alasiri bila kuvuka maji kwa feri. Gofu nayo ilikuwa imeshika fasheni kusini: Arthur Balfour, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1902, alionekana kila mara kwenye linksi ya North Berwick, na magazeti hayakuchoka kumwandika.

Makampuni ya reli yaliona mbali zaidi ya kuuza tiketi. Kampuni ya Great North of Scotland ilijenga tawi hadi Cruden Bay, kaskazini mwa Aberdeen, na mwaka 1899 ikafungua hoteli kubwa ya mawe ya waridi pamoja na uwanja wa gofu chini ya matuta marefu. Tramu ndogo ya umeme iliwachukua wageni na masanduku yao kutoka stesheni hadi mlangoni. Mwandishi Bram Stoker alikuwa mgeni wa kijiji hicho hata kabla ya hoteli, na huko aliandika sehemu ya Dracula. Lakini Cruden Bay ilikuwa mbali, kiangazi kilikuwa kifupi, na hoteli haikuwahi kulipa vizuri. Abiria walikoma mwaka 1932. Tramu iliendelea kwa miaka mingine michache kwa kazi isiyotarajiwa: kubeba nguo za kufuliwa, kwa sababu dobi wa hoteli za kampuni mjini Aberdeen alikuwa hapo Cruden Bay. Vita vya Pili vilipokwisha, hoteli ilibomolewa. Uwanja umebaki, na wengi wanaoucheza leo hawajui kwamba ulizaliwa kama kivutio cha kuuzia vyumba.

Turnberry ilipangwa kwa ukamilifu zaidi. Mmiliki wa ardhi, Marquess wa Ailsa, alikuwa pia mkurugenzi wa kampuni ya reli ya Glasgow and South Western. Uwanja ulipimwa mwaka 1901 na Willie Fernie wa Troon, na mwaka 1906 reli mpya ya pwani na hoteli vikafunguliwa pamoja. Kijia chenye paa kilitoka jukwaa la stesheni hadi ndani ya hoteli, ili mgeni wa kutoka mjini asiguswe na tone la mvua mpaka atakapotoka mwenyewe kwenda kucheza. Kabla ya hoteli hizi za reli, mtu alikwenda mahali kwa sababu mahali pale palikuwa na gofu. Hapa gofu, kitanda, chakula na usafiri viliuzwa na mkono mmoja kwa bei iliyojulikana tangu mwanzo, na kwa hiyo Turnberry inastahili kuitwa mama wa vifurushi vyote vya likizo ya gofu vinavyouzwa leo.

Dornoch ilisubiri muda mrefu zaidi. Mji huo mdogo uko karibu nyuzi 58 kaskazini, na reli kuu ya kaskazini ilipinda kuelekea bara ikauacha kando. Mwaka 1902 ndipo lilipofunguliwa tawi jepesi la kama kilomita 12 kutoka stesheni ya The Mound, na miaka miwili baadaye kampuni ya Highland ikafungua hoteli yake juu ya linksi. Kilichowavuta watu huko, licha ya uzuri wa uwanja, kilikuwa mwanga. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa nne usiku, na mchezaji mwenye nguvu anaweza kumaliza raundi mbili, akala, akarudi kucheza mashimo machache kabla ya giza. Familia zilikaa mwezi mzima. Joyce Wethered, aliyekuja kushinda ubingwa wa wanawake wa Uingereza mara nne kati ya 1922 na 1929, alipitisha likizo zake za utotoni na ujana kwenye linksi hiyo, wakati ambapo klabu nyingi za kusini ziliwafungia wanawake milango.

Kwa Machrihanish, kwenye ncha ya rasi ndefu ya Kintyre, reli kuu haikufika kabisa. Kazi ilifanywa na meli. Mwaka 1901 King Edward, meli ya kwanza ya biashara duniani kuendeshwa kwa tabo za mvuke, ilianza kwenda kasi kutoka mlango wa mto Clyde hadi Campbeltown, na kuanzia 1906 kijireli chembamba kiliwasubiri abiria bandarini na kuwavusha hadi upande wa Atlantiki. Huko mkwaju wa kwanza hupigwa juu ya ufukwe wenyewe, mawimbi yakiwa upande wa kushoto, na mchezaji huchagua kipande cha bahari anachothubutu kukivuka.

Msafiri wa mwaka 1908 alipanga ziara yake kwa kitabu cha ratiba za treni, barua na subira. Aliandika kwa katibu wa kila klabu, akatuma masanduku mbele, na akakumbuka Jumapili. Siku hiyo hakukuwa na gofu karibu popote Uskoti, na matawi mengi ya reli hayakuwa na treni, hivyo aliyekosea hesabu alijikuta amekwama siku nzima, bila mchezo wala usafiri. Mwongozo ulipatikana. Horace Hutchinson alikuwa ameandika juu ya linksi mashuhuri, na mwaka 1910 Bernard Darwin, mjukuu wa Charles Darwin na mwandishi wa gofu wa gazeti la The Times, akatoa kitabu chake juu ya viwanja vya Visiwa vya Uingereza, chenye picha za rangi za Harry Rountree. Darwin aliandika juu ya safari ya treni kwa hamu ileile aliyoandikia mchezo, na wasomaji wake wakajifunza kwamba njiani napo ni sehemu ya likizo. Uwanja Mkongwe wa St Andrews ulikuwa bado bure kwa kila mtu. Wageni walianza kutozwa ada mwaka 1913, wenyeji mwaka 1946.

Vita viwili vilivunja mfumo huo. Turnberry iligeuzwa uwanja wa ndege mara zote mbili, na katika vita vya pili njia za ndege za zege zilimwagwa juu ya matuta yaliyosawazishwa. Wengi waliona umekwisha. Lakini mbunifu wa viwanja Mackenzie Ross alipewa kazi ya kuufufua, zege likavunjwa, matuta yakaundwa upya kwa kufuata vielelezo vya udongo, na mwaka 1951 mchezo ulirudi. Reli hazikupata bahati hiyo. Mabasi na magari yalizila polepole, kisha ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963, iliyopendekeza kufunga njia nyingi, ikahukumu zilizobaki. Tawi la Dornoch lilifungwa mwaka 1960. La St Andrews lilifungwa Januari 1969, na mahali pa maghala yake ya makaa, ambayo wachezaji wa shimo la 17 walizoea kupiga mpira juu yake, ilikuwa imeshasimama hoteli mpya. Hoteli hiyo ilijenga nakala ya maghala hayo, na mpira bado unapigwa juu yake.

Ajabu ni kwamba wageni waliongezeka. Ndege za masafa marefu zilitua Prestwick, mwendo mfupi kutoka kule Open ilikoanzia, na Mmarekani aliyeondoka New York jioni aliweza kucheza gofu kesho yake. Mwaka 1960 Mmarekani Arnold Palmer alikuja St Andrews, akashindwa na Kel Nagle wa Australia kwa mkwaju mmoja, kisha akashinda Open mwaka 1961 na 1962. Mashabiki wake walitaka kuona alikotembea. Mwaka 1964 Herbert Warren Wind aliandika katika The New Yorker makala ndefu juu ya Dornoch, mji ambao haukuwa tena na treni, na makala hiyo ilifanya kile ambacho mabango ya kampuni ya reli yalishindwa: iliwashawishi Wamarekani waende hadi huko. Walikuwa na sababu nyingine ambayo wengi hawakuijua. Donald Ross, mzaliwa wa Dornoch aliyewahi kutunza linksi hiyo, alihamia Marekani mwaka 1899 na kubuni mamia ya viwanja, Pinehurst ukiwemo. Walikuwa wamekulia kwenye nakala, sasa wakaona asili yake. Daraja la Kessock lilipofunguliwa mwaka 1982 na la Dornoch mwaka 1991, safari ya gari kutoka Inverness ikapungua hadi saa moja hivi.

Mpangaji wa leo ana matatizo mapya na mengine ya zamani. St Andrews, sehemu ya nafasi za Uwanja Mkongwe hugawiwa kwa bahati nasibu inayochezeshwa siku mbili kabla, kwa hiyo mwenye busara huweka siku tatu au nne mjini na kucheza viwanja jirani akisubiri jina lake. Jumapili bado umefungwa, na watu hutembeza mbwa na watoto pale ambapo Jumamosi mgeni alilipa zaidi ya pauni 300. Mwenyeji wa mji hucheza kwa tiketi ya mwaka yenye bei nafuu, na jambo hilo ni la haki tupu, maana haki yake ya kucheza hapo ilikiriwa tangu 1552. Kwingineko haki hiyo ni dhaifu zaidi. Kaskazini mwa Aberdeen, matuta ya Foveran yalipoteza mwaka 2020 hadhi ya hifadhi ya kisayansi katika eneo ambalo Donald Trump alijenga uwanja uliofunguliwa mwaka 2012. Mwaka huohuo wa 2020 serikali ya Uskoti ilikataa uwanja mpya kwenye linksi ya Coul, jirani na Dornoch. Montrose, ambako gofu ilichezwa tangu karne ya 16, bahari inakula matuta na klabu imelazimika kusogeza mashimo ndani.

Kituo kimoja kinastahili kuongezwa kwenye orodha, ingawa kampuni za ziara mara nyingi hukiruka kwa sababu kinadai siku nzima ya safari. Mwaka 1891 Tom Morris na Horace Hutchinson walivuka hadi kisiwa cha South Uist, walikoalikwa na mwenye ardhi, Lady Gordon Cathcart, na Morris akapima mashimo 18 kwenye malisho ya Askernish. Katika karne iliyofuata mengi yalisahauliwa chini ya majani. Mwaka 2005 Gordon Irvine, mtaalamu wa utunzaji wa viwanja, alifika kisiwani, akatembea juu ya matuta na kutambua njia ya Morris. Mwaka uliofuata wakazi wenyewe waliinunua ardhi ya kisiwa kutoka kwa wamiliki wake. Baadhi ya wafugaji walipinga uwanja kwa kuhofia haki zao za malisho, na shauri likafikishwa mahakamani. Mchezo ulifunguliwa mwaka 2008, bila hoteli ya mawe na bila tramu. Majira ya baridi ng'ombe na kondoo hurudi juu ya mashimo, na wanaotaka kucheza kiangazi hupanda feri kutoka Mallaig hadi Lochboisdale, wakiwa wamekata nafasi ya gari miezi kadhaa mapema.